Geti la Kijani la Mahfoudha

Kosa lilikuwa lake mwenyewe Mahfoudha, wa kumsingizia hakuna, na lilianzia kwenye mkate.

Tangu mumewe Nasr afariki na watoto wahamie Ulaya, nyumba ya Madinat Sultan Qaboos, huku Uarabuni, ilimpwaya. Akakipangisha kijumba cha uani kwa Ishaq, mwalimu wa hesabu kutoka Afrika Kusini, na mkewe Miriam. Siku ya pili tu Miriam akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wao ni Mayahudi, na kila Ijumaa magharibi wangekuja wenzao saba kusali na kula. Kama hataki, aseme mapema.

"Mwanangu, mie nnataka watu nyumbani," Mahfoudha alimwambia. "Salini."

Basi kila Ijumaa Miriam akimletea mkate uliosukwa kama ukili. Mahfoudha, aliyelelewa Unguja na kufunzwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, akiirudisha na tende au maembe, kwa kuwa alishajua si kila cha jikoni kwake wanakila.

Jumamosi ilikuwa siku ya kahawa ya mashoga zake, wanawake watano wa Kiunguja wanaozungukiana majumbani. Zamu yake ilipofika akautoa ule mkate. Ruqaya, shoga yake tangu utotoni, akala vipande vitatu, akauliza umetoka duka gani.

"Duka gani? Kaupika mpangaji wangu, Myahudi. Kila Ijumaa wanakusanyika hapo uani." Kwa kujivuna tu, mdomo haukutulia. Wenzake wakatazamana, wakageuza mazungumzo. Ruqaya hata akafunga kipande kwenye kitambaa akaondoka nacho.

Jumatatu sauti ya Ruqaya ilikuwa imezagaa kwenye simu za watu: Mayahudi wanakutana kila Ijumaa, geti la kijani, vijana waende wakawaulize wanapanga nini. Mahfoudha aliisikiliza mara mbili. Siku zile picha za Gaza zilikuwa hazimtoki mtu machoni, na yeye mwenyewe alikuwa akilia hadi kichwa kinamuuma. Lakini alijua kinachopangwa pale uani ni nani alete saladi.

Akampigia. "Ruqaya, ifute ile sauti. Useme umekosea."

"Watoto wanakufa, Mahfoudha."

"Nnawalilia kama unavyowalilia. Huyu mtu anafundisha hesabu, hajaua mtoto wa mtu. Na mkate wake umeula."

"Basi chagua. Wao au sisi."

"Mie nimeshawaambia wasali," Mahfoudha alisema.

Alhamisi Ishaq, habari zimeshamfikia, akaja kumwambia wataacha kukutana. Mahfoudha akakataa kabisa. Wakiacha, ni yeye aliyewafukuza kwa mdomo wake, na hilo hakuweza kulala nalo. Ijumaa wakafunga mapazia, wakasali kwa sauti ya chini. Yeye akatoa kiti nje ya geti, akakaa na birika lake la kahawa.

Gari likaja kweli, vijana wanne ndani. Likasimama. Mahfoudha akanyanyuka polepole, akainama dirishani.

"Karibuni wanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Dereva akainamisha kichwa. Kwa watu wa Unguja swali hilo halina pa kupita. Ukitaja baba utaulizwa bibi, na bibi huyo kesho atapigiwa simu.

"Na wewe, sura hii si ya kina Msellem? Bibi yako anajua uko hapa?"

Wakaondoka. Hawakurudi tena.

Mashoga nao hawakurudi. Zamu yake ya kahawa ilipofika tena, alipanga vifinjani vitano, na jioni akaviosha vitano safi. Lilimchoma, asikwambie mtu. Miriam humwita ndani kila Ijumaa, naye hukataa, maana aliye ndani halindi geti. Hukaa pale nje na vifinjani viwili, cha pili cha Ruqaya.

Wiki iliyopita gari la Ruqaya lilipita mtaani, likapunguza mwendo. Kioo kikashuka kidogo. Mahfoudha akamimina kile cha pili, akakinyanyua. Wakatazamana. Kisha kioo kikapanda, gari likaenda zake.

Akanywa kahawa yake, akanywa na ya Ruqaya kabla haijapoa, akakaa mpaka mgeni wa mwisho wa Miriam alipotoka salama.