Katoni Kumi na Mbili za Maji

Tarehe tano Oktoba, siku ya Jumapili, nilimpoteza baba. Alikuwa amekaa nje ya nyumba akikaza kamba za kitanda. Alikaza upande mmoja, akainamia upande wa pili, hakuinuka tena. Kitanda bado kiko vilevile, upande mmoja umekazwa na mwingine umelegea. Hakuna aliyetaka kukimalizia, na hakuna aliyetaka kukitupa.

Simu ilinikuta machimboni Katoro. Kazi yangu ni pampu. Wachimbaji wakikuta duara lao, yaani shimo la dhahabu, limejaa maji, wananiita, nashusha bomba, nayatoa. Nimesoma mpaka darasa la saba na pampu nilijifunza kwa kuzifungua. Siku hiyo niliosha mikono, nikawaaga, nikaenda kununua maji.

Nieleze kwa nini maji. Nyumbani kwetu ni kijijini, mbele kidogo ya Mhunze, na kisima chetu kina maji ya chumvi. Ukichemsha chai unaisikia. Mama ana presha, na mwaka huo kliniki walimpa vidonge vinavyokojosha, wakamwambia apunguze chumvi. Mama hajui kupunguza. Akiambiwa punguza, anaacha. Aliacha chumvi kwenye mboga, kwenye ugali haikuwepo tangu zamani, akabaki na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na uji. Halafu akaanza kukihofia kisima. Mimi nikajiona mtoto mwenye akili. Nikanunua katoni kumi na mbili za maji ya chupa, nikazipakia juu ya gari, nikabadilisha gari Kahama, nikazipakia tena. Hayo ndiyo yalikuwa mchango wangu kwenye msiba wa baba yangu. Nayaandika kwa sababu ni kweli.

Kwetu mfiwa hakai peke yake. Mama alikaa ndani kwenye mkeka, kanga kichwani, na wanawake walimzunguka. Kila kundi jipya likifika linaingia likilia, linalia naye, kisha mmoja anamfuta uso na kumwekea kikombe mdomoni. Mfiwa hakatai kikombe. Kukataa ni kama kumwambia mtu safari yake ilikuwa bure.

"Kunywa, mama. Aliyelia hukauka."

"Kunywa, dada. Haya ni ya chupa, kayaleta mwanao."

Nilikuwa nje chini ya turubai na wanaume, nasikia vifuniko vya chupa vikikatika. Nilifurahi. Kwenye siku zile tatu, hicho ndicho kitu pekee kilichonifurahisha.

Chakula alikuwa hali. Masufuria ya msibani yalikuwa na chumvi, na yeye alishaapa. Alikula vijiko viwili vya uji asubuhi, akameza kidonge chake, akanywa maji. Akaenda chooni sana, na wanawake wakaona anapoteza maji, wakamrudishia.

Tulizika Jumanne. Mama alitembea mwenyewe mpaka kaburini na akatupa udongo wake.

Jumatano alilalamika kichwa na kichefuchefu. Alhamisi asubuhi alitoka ndani, akanikuta nimekaa, akaniuliza, "Baba yako amekula?"

Nilidhani anaulizia watu wa msibani kwa ujumla. Nikasema, "Watu wamekula, mama."

"Nimeuliza baba yako."

Akaenda jikoni, akapakua ugali, akafunika sahani, akaiweka mahali alipozoea kukaa baba. Wanawake wakaanza kulia upya. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mrefu anayeongea kana kwamba wote tuko ng'ambo ya mto, akasema, "Anaitwa huyo. Kaka yangu anamwita. Walikaa miaka mingi mno."

Nilimwamini. Sitaki kusema sikumwamini. Niliona ni huzuni, na huzuni haina vidonge.

Ijumaa hakunijua. Aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Alitapika maji matupu. Shangazi akasema kuna mganga kijiji cha pili anayejua kukata mwito wa marehemu, apelekwe upesi. Wazee wakaitikia. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, ilibidi niseme neno. Nikasema tumpeleke hospitali. Siyo kwa sababu ya hekima. Pikapu iliyokuja kuchukua viti vya kukodi ilikuwa inarudi Mhunze, na kwa mganga gari halipiti.

"Unampeleka mama yako na viti?" shangazi akasema.

"Ndiyo gari lililopo, shangazi."

"Haya. Nami napanda. Mkimuua, nishuhudie."

Kituo cha afya cha Mhunze walimpima malaria, hana. Walimpima sukari, iko sawa. Wakati wanaandika barua ya kutupeleka Shinyanga mjini, mama alikakamaa na kutetemeka, macho yakageuka, kama dakika mbili hivi. Shangazi hakusema kitu kuhusu mganga tena. Ndani ya gari la wagonjwa alishika miguu ya mama mpaka tulipofika.

Hospitali walimtoa damu. Daktari alikuwa binti, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia, kisha akanionyesha karatasi. Sodiamu, mia moja kumi na sita.

"Inatakiwa kuanzia mia moja thelathini na tano," akasema. "Sodiamu ni ile iliyomo kwenye chumvi. Ya mama imeshuka sana kwenye damu, ndiyo maana amechanganyikiwa, ndiyo maana ya degedege. Anameza dawa gani?"

Nilimpa pakiti. Aliisoma na kutikisa kichwa taratibu.

"Na maji anakunywa kiasi gani?"

Nilihesabu. Katika katoni kumi na mbili, zilikuwa zimebaki nne nyumbani. Waliomzunguka walikunywa baadhi, lakini kila kundi lilianza na yeye. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui hasa, lakini ni mengi, na kwamba niliyaleta mimi.

Hakunilaumu. Alisema dawa ile huwasaidia wengi, lakini kwa baadhi ya watu, hasa wazee, hutoa sodiamu kwenye mkojo na kuufanya mwili ushindwe kutoa maji ya ziada. Mtu huyo asipokula, na akanywa sana, damu inazimuliwa. Maji yanaingia kwenye ubongo, unavimba.

Tulipokuwa tunaongea, shangazi alikuwa ameshaelewa kwa namna yake. Alifungua fundo la kitenge, akatoa chumvi kwenye karatasi.

"Basi si tatizo," akasema. "Nitamkorogea kwenye uji. Vijiko vitatu, jioni tunaondoka."

"Hapana, bibi," daktari akasema, akamshika mkono.

"Umesema chumvi imepungua."

"Nimesema imepungua kwenye damu. Mchuzi wako ukiwa na chumvi ya kutosha, jirani akaumiminia ndoo ya maji, utasema chumvi imeibwa?"

Shangazi akafikiri. "Nitasema jirani ni mwendawazimu."

"Ndiyo hivyo."

Shangazi akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa jirani. Akafunga chumvi yake.

Nilimuuliza daktari kwa nini basi wasiirudishe yote leo. Walikuwa wamempa dripu ndogo ya maji ya chumvi kali, kidogo tu, kwa sababu ya degedege, kisha wakaisimamisha. Akasema ubongo umeshazoea hali ile ya chini. Ukipandisha haraka unaharibika, na mtu anaweza kubaki hawezi kuongea wala kumeza. Watapandisha kidogo kwa siku, wakipima damu kila baada ya saa kadhaa.

Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Duara likikaa limejaa maji muda mrefu, maji yenyewe ndiyo yanaegemeza kuta. Mwenye duara ana haraka, anataka yote yatoke leo. Ukimsikiliza, kuta zinafuata maji, na matimba yote, ile miti inayozishikilia, yanalala chini. Unatoa kidogo, unaacha ukuta upumue, unatoa tena. Nimegombana na watu wengi kwa jambo hilo. Nikamwambia daktari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wewe utanisaidia."

Msaada wenyewe ulikuwa kumnyima mama maji. Lita moja kwa siku, chai na uji ndani yake. Dawa ya kukojosha ilisimamishwa. Mkojo ulipimwa. Nilipewa jagi lenye mistari na kikombe kidogo, nikakaa kitandani pake kama mlinzi.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Mama alikuwa na kiu. Hakujua alipo wala mimi ni nani, lakini maji aliyajua.

"Kaka, nipe maji."

"Bado, mama."

"Nimekukosea nini?"

Nilikuwa namlowanisha midomo kwa kitambaa na kumpa maji ya kusukutua ateme. Mara nyingine hakutema. Nilikuwa nakata kiasi hicho kwenye jagi.

Jumamosi wakaja watu wa kijijini kumtazama, na kila mmoja alikuja na chupa. Mtu hawezi kuja mikono mitupu. Niliwazuia mlangoni. Jirani yetu mmoja, mama mzee aliyenibeba nikiwa mtoto, alisimama mbele yangu na chupa yake.

"Wewe ulinyonya ziwa la nani?" akaniuliza.

"La huyu."

"Naye alikunyima?"

"Hakuninyima."

"Haya. Endelea."

Akaketi na chupa yake mapajani mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Alipoondoka aliinywa mwenyewe, mbele yangu, yote.

Asubuhi hiyo kipimo kilikuwa mia moja ishirini na mbili. Jumapili, mia moja ishirini na saba. Daktari alisema tunakwenda vizuri, wala si kwa haraka. Mama alianza kunijua. Alilijua jina langu, akajua ni Shinyanga. Lakini alisema baba amekwenda kupimisha pamba na kwamba amechelewa. Pamba ilikuwa imeshapimwa zamani.

Hapo nilifikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilifikiri namba ile ibaki hapo hapo. Mama anakula, anakaa, anaongea, na mumewe yuko kwenye pamba. Nilifikiri hivyo kwa muda kama wa kula sahani moja ya wali. Halafu muuguzi akaja na sindano ya kutoa damu nyingine, nikamshika mama mkono ili asiusogeze.

Jumatatu asubuhi, mia moja thelathini na moja. Mama aliamka, akatazama kitanda cha jirani, akatazama jagi langu, akanitazama mimi.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, na alikuwa akimaanisha mimi. "Tulimzika?"

"Tulimzika, mama. Jumanne."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulitupa udongo."

"Nililia?"

"Ulilia."

Akalia, na nilijua kilio hiki ni chake kabisa, si cha maji. Alilia kwa sauti ndogo ili asimsumbue mgonjwa wa pili. Shangazi aliyekuwa amelala sakafuni aliamka, akapanda kitandani, akamshika. Wakalia wote wawili, wifi na wifi. Mkono wa shangazi ulinyooka kuelekea jagi. Ni mazoea tu. Nilisogeza jagi. Akanitazama kwa hasira, kisha akamfuta mama uso kwa kanga, basi.

Tuliruhusiwa siku mbili baadaye. Daktari alimbadilishia dawa ya presha, akaandika jina la ile ya kwanza kwenye karatasi ili popote aendapo aseme haimfai. Akasema ale, na chumvi kidogo kwenye mboga si adui. Anywe akisikia kiu, siyo kwa sababu mtu amekuja. Akiumwa kichwa na kutapika, au akianza kuchanganya maneno, arudishwe siku hiyo hiyo. Tupime tena baada ya wiki mbili.

Kuanua matanga kulikuwa kumesubiri. Kulifanyika Jumamosi. Shangazi alisimama mbele ya akina mama wote akatangaza, kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, kwamba atakayempa wifi yake kikombe atapambana naye. Wageni wakafika, wakalia, wakakaa mikono mitupu hawajui waifanyie nini. Mmoja akaanza kumsuka mama nywele. Maji ya katoni nne zilizobaki shangazi aliyaoshea masufuria.

Wiki mbili zilipopita nilimpeleka Shinyanga mwenyewe. Mia moja thelathini na sita. Daktari aliandika, akagonga muhuri. Mama aliuliza kama ni nyingi mno. Akaambiwa ni ya kutosha.

Kesho yake nilirudi kazini. Mama alinifungia michembe kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani, polepole, tukapita kwenye kitanda cha baba bila kukigusa. Tulisubiri pikipiki.

"Huko Katoro maji yapo?" akaniuliza.

"Yapo mengi, mama."

"Ukija tena, usilete."

Nikasema sawa. Pikipiki ikaja, nikapanda.