Buti Zilizoenda Matanga Koboko

Wiki iliyopita Mama alimwaga maharagwe ndani ya beseni ya bati, na ile sauti, chaaaa, ilinitoa nyumbani mbio. Vumbi ilikuwa imepanda, na ile harufu ya gunia mpya, ya udongo mkavu na pilipili ya kufukuza wadudu. Nikainama, nikachungulia ndani ya beseni. Mama akacheka mpaka akaweka gunia chini.

"Letaru! Mpaka leo unatafuta buti?"

Wacha niwaambie haraka ni buti gani, maana mimi sijui kungoja, na wakati ule nilikuwa mbaya zaidi.

Tulikaa Pajulu, karibu na mji wa Arua. Mimi nilikuwa darasa la tano, dada yangu Ayikoru la saba. Ayikoru alicheza mpira miguu mitupu kama mtu ambaye mpira umemtukana mama yake. Wavulana walianza mchezo wakimcheka, wakamaliza wamekaa kwenye majani wanashika magoti. Siku moja mwalimu wa shule moja ya sekondari ya wasichana alipita, akasimamisha pikipiki yake, akatazama mpaka mwisho. Akasema atachagua wachezaji Jumamosi fulani kule Ombaci, na watakaochaguliwa watasoma kwake bure. Ila asiye na buti asikanyage uwanja, kwa sababu tayari msichana mmoja alikuwa amevunjwa vidole.

Baba alilima mihogo, na mwaka ule mihogo ilioza ardhini. Kila mtu nyumbani alijua, hata kama hakuna aliyesema: bila ile shule, Ayikoru alikuwa anamaliza darasa la saba na kubaki jikoni.

Basi Mjomba Wani, kaka yake Mama anayetengeneza viti Kampala, akanunua buti, akazituma na basi ndani ya katoni. Katoni ilifika Arua imefungwa vizuri kabisa. Tulipofungua, tukakuta kandambili moja ya mguu wa kushoto na nusu tofali. Mama alikwenda ofisi ya basi, akarudi amebeba hasira tu. "Kila mutu anasema hakuona. Hata mwenye alibeba anasema hakuona!" Ayikoru alikaa na ile tofali kwenye mapaja kama mtu amepewa mtoto asiye wake.

Mjomba hakukata tamaa, akanunua zingine. Lakini safari hii akawa mjanja, na ujanja wake ndiyo karibu ulituua.

Wiki ile ile, Mzee Lomoro, baba mdogo wa Mama, alikufa kule Koboko, mji wa kwao Mama. Alikuwa mzee sana, mzee wa kutembea na kigoda chake mwenyewe, kwa hivyo watu walilia kidogo na kupika sana. Mama alimpigia Mjomba simu, wakapanga nani apeleke nini. Kesho yake Mjomba akapiga: "Nimetuma gunia ya maharagwe. Ikifika, fungua vizuri." Hakusema zaidi. Alikuwa amesimama katikati ya wapakiaji wa basi, angetaja buti namna gani?

Sasa muelewe jambo moja la watu wa mama yangu. Chakula cha matanga kinatembea na mdomo umeshonwa. Ukifika msibani na gunia iliyofunguliwa, wanawake wataulizana kwa macho kama umewaletea mabaki. Kwa hivyo Mama hakugusa ule uzi. Gunia iliposhuka kutoka basi la Kampala, alitafuta gari ya jamaa waliotangulia Koboko, ikapanda, ikaenda. Sisi tungefuata siku ya kuzika, kwa sababu walikuwa bado wanangoja mtoto wa marehemu atoke Juba.

Asubuhi ya kuzika, Ijumaa, simu ililia. Mjomba.

"Buti imemtosha mutoto?"

"Buti gani?"

Mama akaondoa simu sikioni, akaitazama kama imemdanganya.

"Wani, wewe ulisema maharagwe ya matanga!"

"Mimi nilisema fungua!"

Ayikoru alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Mechi ya kuchagua ilikuwa kesho yake. Mimi nilishavaa viatu, nikaanza kuvuta kitenge cha Mama. "Twende tuseme turudishiwe!" Mama akanitazama kama nimesema tukamwombe marehemu chai. "Kitu ya matanga hairudi nyumbani," akasema. "Mutu akiomba, hata watoto wa watoto wake watachekwa." Lakini alikuwa tayari anafunga mlango.

Njia yote mpaka Koboko niliomba Mungu kwamba wapishi wawe wavivu na gunia iwe bado na uzi wake. Mungu hakusikia. Tulipoingia chini ya hema, kitu cha kwanza tulichoona kilikuwa buti. Njano kama kiini cha yai, mpya, meno yote chini. Zimekaa juu ya sanduku la maiti la Mzee Lomoro, katikati ya maua ya karatasi, ncha zikitazama watu.

Mama Mkubwa Keji, dada yake Mama, alitupokea na habari kabla ya maji. Wanawake walimwaga maharagwe wachambue, kitu cha njano kikaanguka, mmoja akaruka akisema ni nyoka. Ndipo Nyanya Poni, mjane mwenyewe, akatoka ndani, akaokota zile buti, akazifuta na kitambaa chake cha kichwa. "Mzee alicheza mpira wakati ya ujana," akasema. "Kuna mutu amemkumbuka. Wacha alale nayo." Basi wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, na katekista akabadilisha mahubiri yake yote yakawa ya mtu aliyemaliza mchezo na kutoka uwanjani.

Ayikoru alipofahamu buti zinaingia kaburini, alianza kulia. Hakulia kwa adabu. Alilia na mabega, na tumbo, akapiga magoti mbele ya sanduku, na wanawake wakadhani anamlilia Mzee.

"Mutazame huyu! Ndiyo mujukuu!"

"Wengine wanakuja kula tu."

"Mupatie soda, asizimie."

Wakampatia soda. Akailia pia.

Mama alikaa, amefunika mdomo, aibu imemkaza. Kila mara wanaume walipoinama kubeba sanduku, Nyanya Poni alijitupa juu yake na kupiga kelele, wakarudi nyuma kumwonea huruma. Mara nyingine tena wakainama, naye akajitupa. Katekista alikuwa anatazama jua. Mimi nilikuwa naungua ndani kama mtu anayebanwa na mkojo.

Mama Mkubwa Keji, ambaye Mama alikuwa amemwambia yote sikioni, alikuja akajifanya ananifunga gauni mgongoni.

"Wewe mutoto ya nani?"

"Ya Mama."

"Na Mama yako mutoto ya nani?"

"Ya nyumba hii."

"Sasa mutoto ya binti ya nyumba akitaka kitu kwa wajomba, anaomba?"

Nikakumbuka. Kwa watu wa mama, mtoto wa binti anaruhusiwa kunyakua. Kuku, sufuria, hata kofia kichwani kwa mjomba. Akishika na kukimbia, kitu ni chake, na wajomba kazi yao ni kumkimbiza na vijiti huku wakicheka. Nilikuwa nimeona kwenye harusi. Kwenye msiba, juu ya maiti, sikuwahi kusikia.

Ila nani alikuwa na nafasi ya kufikiri? Niliruka kigoda, nikakamata buti zote mbili kwa kamba, nikapita kati ya miguu ya katekista.

Halafu mzee mmoja akapaza sauti: "Aaa! Mutoto ya binti ameiba marehemu!" Vigelegele vikapasuka. Wajomba waliokuwa na nyuso za makaburi wakavunja matawi ya mti na kunifuata kati ya sufuria, na mmoja alianguka ndani ya majivu. "Mwizi! Rudisha buti ya Mzee!" Nilipogeuka, nikamwona Nyanya Poni ameshika sanduku kwa mikono miwili, anacheka na machozi yanateremka. Aliponiona nimevuka ua, akawaambia wanaume, "Sasa bebeni."

Jumamosi, Ombaci, Ayikoru aliingia uwanjani na buti zenye unga wa maharagwe bado ndani. Mengine mnaweza kukisia. Alisoma ile shule mpaka mwisho, na siku hizi anafundisha watoto michezo kule Omugo, anawapigia filimbi mpaka wanamwogopa.

Mimi kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya mbio zangu. Mwaka jana, nimemaliza sekondari, nilimtembelea Nyanya Poni Koboko. Alikuwa anamenya karanga. Nikamwuliza kama iliumiza roho yake, sisi kuchukua buti ya Mzee.

"Ya Mzee?" Akatema ganda. "Mguu ya Mzee ilikuwa kama jembe. Ile buti ilikuwa ya mutoto. Mimi niliona palepale."

"Sasa kwa nini uliweka juu ya sanduku?"

"Ungeweka wapi, wewe? Watu wametoka Kongo, wametoka Sudani, kila mutu na mfuko yake. Kwa matanga wanaiba kuku, wanaiba viti ya kanisa. Lakini mutu kuiba juu ya maiti, mbele ya macho yote? Labda mutoto ya binti." Akanipiga goti na kucheka.

"Na kama tusingefika?"

"Si nilikuwa nawazuia kubeba? Koo yangu ilikauka siku tatu."

Nikachukua karanga, nikaanza kumenya pamoja naye. Watu wote chini ya lile hema walifikiri wanaona mjane aliyeshindwa kuachia mume wake, na hawakukosea. Alikuwa anamlilia. Lakini katikati ya kilio chake, siku ya kumzika mtu aliyeishi naye tangu ujana, alikuwa anachungulia njia, anangoja mtoto, hajui ni nani, aje kuchukua viatu vyake.