Aliyemwonyesha Mgeni Mteremko

Kila Jumapili ya machipuko, theluji ikianza kuachia vilima vya nyuma ya kijiji, Batma alivaa buti za mpira za marehemu mumewe, akatia mkate na chupa ya chai mkobani, akapanda na Tologon. Batma alikuwa mwalimu mstaafu wa biolojia, Tologon mchunga kondoo aliyewajua ndege kwa sauti kabla hajawaona. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakiandika katika daftari moja: siku ya kwanza ya hudihudi, korongo wangapi wamerudi kwenye nguzo za umeme, kipepeo yupi ametangulia kutoka.

Waliyemngoja kwa hamu ni kipepeo yule mweupe mwenye madoa mekundu, anayetokea mwishoni mwa Aprili kwenye mteremko mmoja tu wa mawe, juu ya mizinga ya Jumash mfuga nyuki. Walikuwa wameahidiana kutomwonyesha mtu mahali pale.

Mwaka ule Jumapili mbili zilipita bila hata mmoja. Ya tatu walipanda hadi juu kabisa, wakakuta mawe yamepinduliwa na mimea wanayokula viwavi imeng'olewa na mizizi yake. Tologon alichuchumaa, akaokota kifuniko cha kichupa cha kuhifadhia wadudu, akakigeuzageuza.

"Ni Jumash huyu," alisema. "Nani mwingine anapita huku kila siku? Kamleta mtu."

Batma aliinama kufunga kamba ya mkoba ambayo haikuwa imefunguka.

Aliyemleta mtu ni yeye Batma. Mei ya mwaka uliotangulia alikuja mgeni mpole aliyejua majina ya vipepeo wote, akalala kwake siku mbili. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyeketi mezani pake akataka kusomewa daftari lile. Binti zake walikuwa Urusi, wakipiga simu humwuliza dawa za presha tu. Asubuhi ya tatu alimpandisha mwenyewe. Alimwona akitoa wavu, akajiambia atachukua mmoja tu, wa kumbukumbu.

Maneno ya Tologon yalienea upesi. Sokoni asali ya Jumash haikuguswa, na baada ya sala ya Ijumaa watu walipita wakiangalia viatu vyao asije akawapa mkono. Batma aliyasikia yote akanyamaza, kila siku akisema kesho. Kisha vijana wakapindua mizinga yake miwili, na baridi ya alfajiri ikawaua nyuki. Wawili kati ya vijana hao aliwafundisha yeye.

Alimkuta Tologon uani akikata kwato za kondoo, akamweleza bila kuzungukazunguka. Tologon hakuacha kazi hadi alipomaliza mguu ule.

"Wiki mbili, Mwalimu," alisema. "Wiki mbili unanisikia namtukana mwenzangu, na wewe unanimiminia chai."

"Niliona aibu."

"Na aibu yangu mimi sasa nikaiweke wapi?"

Walikwenda kwa Jumash pamoja. Walimkuta amepiga magoti, akikung'uta nyuki waliokufa kutoka kwenye masega. Batma alipoanza tu kusema, alimkatiza.

"Nilikuona, Mwalimu. Mlipita hapa hapa, wewe na mgeni wako."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua utasema mwenyewe. Ila sikudhani utachelewa hivi."

Siku ya soko Batma alisimama mbele ya meza ya asali, watu wakiwa wamejaa, akasema kwa sauti ile ya darasani, "Aliyempeleka yule mtu mlimani ni mimi. Jumash hana kosa." Wengine walimtazama, wengine wakajifanya wanachagua viazi. Mwanamke mmoja alinunua kopo la asali. Jumash alimfungia kwa gazeti, asimwangalie Batma.

Vijana walitengeneza mizinga. Tologon alimwomba Jumash radhi, wakapatana, lakini daftari walilokuwa wakipokezana na Batma alibaki nalo, na Batma hakuthubutu kulidai.

Machipuko yaliyofuata kila mmoja alipanda kwa njia yake. Batma alizunguka mteremko ule nusu siku, akipekua kwa fimbo kati ya mawe. Mimea michache ilikuwa imechipua tena. Vipepeo hawakuwapo. Ng'ambo ya bonde alimwona Tologon amesimama, akampungia mkono. Tologon alichelewa kidogo, kisha naye akainua wake, akaendelea kupanda.