Siku Yusta Alipouza Sauti ya Mumewe

Mtaniita mwongo, na sitawalaumu, lakini Yusta wa Magamba aliwahi kuiuza sauti ya marehemu mumewe sokoni Lushoto, pamoja na maharage.

Mume, Valentino, alikuwa besi ya kutegemewa kwenye kwaya ya Kilutheri. Alimwachia kaseti moja: wimbo, halafu maneno machache kwa Yusta. Maneno hayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Kila kaseti ilipopigwa, sebule yao ya saruji na bati ilinguruma kama fahali kwenye pipa. Miaka mitano Yusta aliamini mumewe alikuwa anamuaga.

Soko huria lilikuwa limeshatumwagia kila kitu. Mbaraka, fundi redio, akaleta ekolaiza, kifaa cha kupunguza na kuongeza sauti nene na nyembamba, chenye vitufe kumi vya kusukuma juu na chini. Akashusha besi. Mngurumo ukaisha, Valentino naye akaisha.

"Umemzika mara ya pili," Yusta akasema.

Mwaka 2003 Mbaraka akarudi na amplifaya ya dijitali, mtumba wa Ulaya, na kipaza sauti chake kidogo. Akakiweka kitini, kati ya magunia ya maharage yaliyopangwa ukutani.

"Mama, ekolaiza inafuata sikio langu. Hii inakisikiliza chumba chenyewe. Ikijua chumba kinavimbisha sauti ipi, inapunguza hiyo tu."

Mashine ikapiga mbinja zake za kupimia chumba, ikatulia. Kaseti ikaanza. Valentino akaimba kana kwamba yuko jikoni anasubiri ugali. Yusta akakaa sakafuni. Kabla wimbo haujaisha, umeme ukakatika.

Ulirudi Ijumaa. Yusta akawasha: mngurumo uleule. Mbaraka akaitwa, akaangalia kuta.

"Yale magunia ya maharage yako wapi?"

"Nimeyauza jana sokoni."

"Basi umemuuza na mzee. Mashine ilipima chumba chenye magunia ishirini. Hiki ni chumba kingine, mama."

Yusta akashika kichwa. Mbaraka akapima upya. Wimbo ukapita, ukaisha, na neno moja moja likatoka safi:

"Yusta, zima hiyo redio, unamaliza betri."

Miaka mitano Yusta analilia betri. Kisha akanyoosha mkono, akazima, kama alivyoambiwa.

Halafu akacheka. Kicheko kile kiling'oa bati tatu, kikasikika hadi Soni, watu wakamiminika kutoka Mlalo na Bumbuli, wakajaa uani, mia tatu na—

"Shemeji," Yusta akanikata, "tulikuwa wawili, mimi na fundi. Wewe hata hukuwepo."