Nyuzi Alizolegeza Omosa

Omosa alikuwa mpiga gita hodari kabla mashine ya kuchuna majani chai haijamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Wakati huo alikuwa na kishamba chake mwenyewe huko Kimulot, alichokinunua baada ya miaka kumi na minane ya kuchuna chai ya wengine. Alipopona aliwaambia wenzake kanisani kwamba gita ameliacha, sasa amezeeka. Ukweli ni kwamba hakutaka waone mkono ukishindwa.

Lakini hakuliacha. Jumatano, siku yake ya kufagia kanisa, alifunga mlango na kulitoa gita la kanisa kwenye mfuko. Alilegeza nyuzi tatu kidogo kidogo mpaka zote sita zikapatana bila kushikwa popote. Hapo kidole kimoja tu, kikilazwa juu ya nyuzi zote, kilitosha kubadilisha sauti. Alipiga, akaimba polepole, kisha akazikaza nyuzi kama alivyozikuta. Hata mkewe Yunia na binti yao Velma hawakujua.

Jumatano moja Yunia alimpigia simu: ng'ombe ameingia kwenye mahindi ya jirani. Omosa alilirudisha gita mfukoni na kukimbia.

Ijumaa ilikuwa mazishi ya Mama Edinah. Mwanawe, Mwalimu Kipngeno, ndiye aliyekuwa akipiga gita kanisani siku hizo, na alikuwa ametunga wimbo wakati mamake amelazwa hospitalini. Gita lililetwa moja kwa moja kutoka kanisani. Kipngeno alisimama kando ya jeneza, akapiga mara ya kwanza. Ilitoka sauti ya ovyo.

Omosa, aliyeketi chini ya hema, alikumbuka papo hapo: Jumatano hakuzikaza nyuzi.

"Samahani," Kipngeno alisema. Alianza kukaza uzi huu na ule. Uzi mwembamba ukakatika na kumchapa kwenye kidole. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Huyu hata hakufanya mazoezi," jirani yake Omosa alinong'ona. "Mama yake mzazi! Aibu gani hii?"

Omosa akatikisa kichwa kukubali. Alikubali! Angeweza kusimama na kusema maneno matatu tu. Badala yake aliangalia viatu vyake mpaka mchungaji alipoomba watu waimbe bila gita. Wimbo wa Kipngeno haukuimbwa.

Tangu siku hiyo Kipngeno hakugusa gita. Jumapili tatu zilipita. Omosa alishindwa kula, na Yunia alipomuuliza alisema ni tumbo. Jumatatu iliyofuata alienda kwa Kipngeno, akamkuta akikamua ng'ombe.

"Mwalimu, ile siku ya mazishi, ni mimi niliharibu gita."

Alieleza yote, akamwonyesha na mkono uliokatwa vidole. Kipngeno aliendelea kukamua.

"Baba Velma, ulikuwa pale?"

"Nilikuwa."

"Ukaniona nikichekwa?"

"Nilikuona."

Kipngeno aliinua ndoo. "Kulegeza nyuzi si kitu. Mtu anasahau. Lakini ulinyamaza. Wale watu wote walisikia nikishindwa kumwimbia mama yangu. Waambie wao, si mimi."

Jumapili Omosa alisimama mbele ya kanisa. Alisema yote, na alipoficha mkono mfukoni kwa mazoea, aliutoa tena. Yunia aliinamisha kichwa. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema amina. Mchungaji alishukuru, ibada ikaendelea.

Kipngeno alirudi kupiga mwezi uliofuata. Hata hivyo, gita haliachwi kanisani tena. Analibeba nyumbani kila Jumapili, akipita mbele ya Omosa na kumsalimia kwa heshima, bila kusimama. Juzi Yunia alimwambia mumewe wanunue gita lao, apige apendavyo. Omosa alisema wangoje kwanza. Bado hajaweza kusikia zile nyuzi bila uso kumwaka kwa aibu.