Nishikie Chaki, Nakuja

Mama mdogo wangu ana majina mengi, na karibu yote amepewa na wazazi wa watu wakiwa na hasira. Lililomganda ni Mwewe. Alibandikwa na baba mmoja siku ya mahafali ya chuo. Baba wa watu aligeuka kidogo tu kumtafuta mpiga picha, na aliporudi akamkuta mwanawe ameketi kwenye benchi na mwanamke mwenye mkoba mkubwa, anajaza fomu ya kwenda kufundisha shule ya nyuma ya kiwanda cha sabuni.

"Huyu mama ni mwewe!" akapiga kelele. "Nimelea kifaranga miaka ishirini na tatu, yeye anakuja kukinyakua mlangoni!"

Mama mdogo hakukasirika. Alisema mwewe ana macho mazuri, akamwomba yule baba akae upande asizibe mwanga, fomu ilikuwa haijaisha kujazwa.

Hiyo ndiyo kazi yake. Shirika lao ni chumba kimoja juu ya duka la viatu, watu watatu na feni moja inayozunguka ikijisikia. Wanatafuta vijana waliomaliza chuo wakafundishe miaka miwili katika shule za mitaa ya watu wasio na kitu, zile shule ambazo mwalimu akipangiwa huanza kuumwa mgongo siku hiyo hiyo, na mgongo haupoi mpaka ahamishwe.

Mashirika mengine yanayotafuta wahitimu huja chuoni na mahema, mabango na kalamu za bure. Mama mdogo huyacheka sana. Yeye husimama mahali pamoja tu, kwenye dirisha la kurudishia majoho.

"Mtu akiwa na joho hasikii," alinieleza. "Ana kofia kichwani, shangazi zake wanapiga vigelegele, anadhani kesho ataamka mkurugenzi. Ngoja alirudishe hilo joho. Akishalivua anabaki na shati lake na jasho lake. Hapo ndipo unamuuliza."

"Unamuuliza nini?"

"Kesho asubuhi una kazi gani?"

Wengi hawana. Basi kesho asubuhi anampeleka shuleni, hamwambii mshahara wala hamwambii sera. Anamfikisha mlangoni pa darasa lisilo na mwalimu, anatoa chaki mpya kwenye mkoba, anamwekea mkononi na kumwambia, "Nishikie chaki, nakuja." Kisha anakwenda kujificha nyuma ya tangi la maji kwa dakika arobaini.

Akirudi haangalii uso wa mtu, anaangalia chaki. Aliyeirudisha nzima anapewa chai na shukrani, anakwenda zake. Aliyerudisha kipande, wanakaa kuzungumza. Aliyesahau kwamba alipewa chaki, huyo anaonyeshwa tu pa kuweka sahihi.

Nilimwambia huo ni ulaghai mtupu.

"Ndiyo," akasema, na kuendelea kula.

Sasa mama yangu. Yeye ni dada mkubwa wa Mwewe, na ndiye mkuu wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Ni mwanamke wa mafaili. Hata viungo jikoni kwetu vimepangwa kwa herufi. Humtania mdogo wake kila wanapokutana, humwita mfanyabiashara wa watoto, na mdogo wake hucheka na kujibu. Ila mazungumzo yakifika darasani kabisa, watoto na ubao, mama huinuka kwenda kutazama jiko, hata kama jiko limezimwa tangu asubuhi. Nilidhani anachoshwa tu na habari zile zile.

Nilipoingia mwaka wa mwisho wa hisabati, mama alimwita mdogo wake jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika la chai, wakanizungumzia kama mbuzi anayesemewa bei.

"Huyu usimguse," mama akasema. "Huyu ana nafasi yake benki. Apa."

"Dada, jamani, mtu mzima ana akili yake."

"Apa!"

"Naapa sitampa mwanao chaki mkononi."

"Na darasani hutamwingiza."

"Na darasani sitamwingiza. Mwache animiminie chai sasa, mtoto anaungua vidole."

Siku ya mahafali nilipofika dirishani kurudisha joho, mama mdogo alikuwepo na mkoba wake. Alinipongeza na kunikumbatia, kisha akanipita kama asiyenijua na kumdaka aliyekuwa nyuma yangu, kijana mrefu wa hisabati kama mimi, ambaye chuoni tulimwita Mlingoti. Nitasema ukweli, roho iliniuma kidogo. Sikutaka kufundisha, suti yangu ya benki ilikuwa tayari na mama alishaipiga pasi mara mbili bila kuvaliwa. Lakini hakuna mtu anayependa kurukwa kwenye foleni.

Mlingoti alikusudiwa kwa Sita B. Darasa hilo lilikuwa na watoto sitini na wanane na halikuwa na mwalimu wa hisabati tangu mwaka uanze. Mkuu wa shule, mtu mpole mwenye funguo nyingi kuliko milango, alikuwa amechoka kusubiri. Alikwishasema kama hadi Ijumaa mchana hakuna mwalimu, Jumatatu anaivunja Sita B, nusu waende Sita A na nusu Sita C, wakae watakapopata. Huko A na C kulikuwa na watoto wanaokaa sakafuni tayari.

Ijumaa asubuhi mama mdogo aliniomba nimsaidie kubeba katoni ya madaftari. Mama aliruhusu kwa masharti, kama mtu anayetoa faili nje ya ofisi: niende, nibebe, nirudi.

Tulimsubiri Mlingoti langoni hadi kengele ya kipindi cha tatu ikalia. Ndipo simu ya mama mdogo ikaita. Mjomba wa Mlingoti alikuwa amempatia nafasi kampuni ya utalii, anaanza leo leo, anaomba radhi sana, Mungu akubariki mama. Kijana kaingia mitini.

Mkuu wa shule alisikia. Alitikisa funguo zake, akasema kwa upole, "Mwewe, nimejitahidi. Saa sita naandika orodha za kuwagawa."

Ulimi wa mama mdogo ni wa kumtoa nyoka pangoni, lakini pale alisimama tu uwanjani na mkoba wake. Na hakuniangalia. Hata kwa bahati mbaya hakuniangalia, na nadhani ni hicho kilichonikera. Mwanahisabati mzima nimesimama mbele yake na katoni kichwani, yeye anatazama tangi la maji! Akaenda hadi dirisha la Sita B, akaiweka ile chaki ya Mlingoti pale kizingitini, akaniambia nikae kwenye benchi la nje, kisha akakimbilia nyuma ya tangi kupiga simu kwa kila mhitimu aliyewahi kumjua.

Nikakaa. Benchi lilikuwa chini ya dirisha lile lile. Ndani, watoto walikuwa wanajifundisha wenyewe. Kiranja wao, msichana mdogo mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alikuwa ubaoni anajumlisha nusu na theluthi kwa kijichaki cha ukubwa wa jino.

"Moja na moja, mbili. Mbili na tatu, tano. Jibu mbili ya tano. Andikeni!"

Sitini na saba wakaandika mbili ya tano.

Nilijitia hamnazo. Nikahesabu kokoto. Nikajiambia si shughuli yangu, mimi ni mtu wa benki. Lakini jamani, nusu ukiiongezea kitu inakuwaje pungufu ya nusu? Kichwa kilianza kuniwasha kwa ndani. Mwishowe nikasimama na kuingiza kichwa dirishani.

"Hiyo siyo."

Kiranja akanitazama. "Ni ngapi, mwalimu?"

"Mimi si mwalimu."

"Sawa. Ni ngapi, si-mwalimu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Chaki ilikuwa hapo kizingitini, inchi mbili kutoka mkononi mwangu. Nikaichukua, nikazunguka na kuingia mlangoni.

Dirisha lile lilikuwa na vioo sita, kimoja kimevunjika. Niliwauliza nusu ya vioo sita ni vingapi. Vitatu. Theluthi yake je? Hapo walibishana mpaka mmoja akapanda juu ya dawati kuvigawa kwa kidole, wakakubaliana viwili. Jumla vitano. Vitano kati ya sita.

Kiranja aliganda akilitazama dirisha. "Kwa hiyo jibu ni vile vizima," akasema polepole. Kisha kwa sauti yake ya kawaida, "Futeni! Wote futeni, tulikosea!"

Sijui niseme nini kuhusu furaha niliyoipata hapo. Nilimaliza chuo na alama nzuri na sikuwahi kuipata. Tulifanya robo na sudusi, tukafanya madawati na miguu yake, na kengele ilipolia niliona mama mdogo amesimama mlangoni akitazama mikono yangu. Ilikuwa myeupe hadi viwikoni. Chaki ilikuwa imekwisha, na sikukumbuka ilikwisha saa ngapi.

Nilitegemea ashangilie. Alikuwa na uso wa mtu aliyevunja sahani ya mgeni.

"Dada ataniua."

"Hukunipa wewe. Nimejichukulia."

"Niliiacha mahali utakapoiona," akasema. "Na nilijua kwa nini naiacha hapo."

Akatoa simu na kumpigia mama pale pale, akamwambia yote, hata lile la kizingiti. Simu ikakatwa upande wa pili.

Mama alifika baada ya nusu saa, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni, viatu vya kisigino vimejaa tope. Nilikuwa nimerudi ndani na Sita B, maana mkuu wa shule alinisihi niendelee "kidogo tu" huku amezificha zile orodha mgongoni. Mama alikuja moja kwa moja hadi mlangoni, ameshafungua mdomo. Watoto sitini na wanane wakasimama kwa pamoja, kama wanavyofanya kwa mtu mzima yeyote.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mdomo ukafungwa. Mama alishika mwimo wa mlango. Alitazama ubao, akatazama dirisha, kisha akatazama kona ya nyuma kushoto kwa muda mrefu.

"Lile dawati," akasema, "bado linayumba?"

"Linayumba sana, mwalimu!" wakajibu wa kona ile.

Nikamgeukia mama mdogo, yeye akatazama chini. Na hapo ndipo waliponiambia, mlangoni, mbele ya watoto waliotega masikio kama sungura, jambo ambalo halikuwahi kusemwa nyumbani. Mama alikuwa mwalimu. Alifundisha Sita B hii hii, miaka ishirini na sita iliyopita. Siku moja mdogo wake, amemaliza shule majuzi tu, alimletea ujumbe kwamba anaitwa kwenye usaili wa kazi masjala. Mama akamwekea chaki mkononi, akasema, "Nishikie chaki, nakuja." Akapata kazi na hakurudi. Hakurudi hata kuwaaga. Mama mdogo, ana miaka kumi na tisa, aliwashikilia watoto wale hadi mwisho wa mwaka, akaenda kusomea ualimu, na mengine unayajua.

"Mimi nilidhani mbinu yako uliipata kwenye semina," nikamwambia.

"Semina gani," akasema mama mdogo. "Nilifanyiwa."

Mama alikuwa analia, na halii ovyo. Kumbe miaka yote ile hakuwa anachoshwa na habari za darasani. Alikuwa anaona aibu.

"Nilisema nakuja," akamwambia mdogo wake.

Mama mdogo akatazama saa yake ya mkononi. "Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi, dada."

Wakacheka, wakashikana, wakalia tena, na kiranja akaona vyema kuwaamuru wenzake wakae. Mama akajifuta, akaenda hadi kona ya nyuma, akakunja karatasi mara nne na kuichomeka chini ya mguu wa dawati bila hata kuinama kutazama ni mguu upi. Halafu akanijia.

"Suti uiache nyumbani, chaki haitoki kwenye kitambaa kile. Na uvae viatu vya chini."

Mama mdogo tayari alikuwa amechomoa fomu kwenye mkoba. Ilikuwa na jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, kila kitu isipokuwa sahihi, na kwa jinsi ilivyokunjika ilikuwa humo mkobani tangu mwaka jana.

"Wewe si uliapa?" mama akafoka.

"Chaki, dada. Fomu haikutajwa."

Nikaweka sahihi juu ya mgongo wa mkuu wa shule, aliyejitolea mwenyewe. Mama alisubiri nimalize, kisha akanivuta pembeni na kushusha sauti.

"Siku utakayochoka, ondoka. Hakuna atakayekufunga kamba. Lakini waage, mwanangu. Usiwaambie unakuja."

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, kiranja alibaki mlangoni na begi lake.

"Jumatatu utakuwepo, si-mwalimu?"

Mama na mdogo wake wote wawili wakanigeukia.

"Nakuja," nikasema. Na Jumatatu, saa moja na robo, kabla hata mkuu wa shule hajapata ufunguo unaofungua Sita B, nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na viatu vya chini, namsubiri afungue.