Ndoano ya Tela

Lori lenyewe la mfano, pamoja na tela lake, lilikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Lilikuwa la chuma, zito, kichwa chekundu, bodi ya kijivu, na matairi ya mpira yenye kashata, ile mikato ya kushika barabara, kama ya lori la kweli. Baba alipewa na fundi mmoja Mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Wakati huo baba alikuwa dereva, akileta mitambo Geita kutoka Dar.

Kwetu Nyasubi, Kahama, lilikaa juu ya kabati miaka yote, lori mbele, tela nyuma yake, katikati nafasi ya shubiri moja. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa.

Baba alifariki mwaka jana kwa sukari. Miezi michache baadaye kaka yangu aliona kwenye simu kwamba kuna watu wanaotafuta malori ya mfano kama yale, ya zamani. Mama hakubisha.

"Lipelekeni likatazamwe," alisema. "Mimi nimechoka kuliona."

Nilidhani ni majonzi.

Niliambiwa kuna mzee Geita, fundi mstaafu wa magari makubwa, anayekusanya vitu hivyo na kujua thamani yake. Nikalifunga lori ndani ya shati la baba, nikaliweka kwenye katoni ya biskuti, nikapanda basi la alfajiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Weka hapa."

Alitandika kitambaa cheupe mezani, akanawa mikono, akachukua kioo cha kukuzia. Kwanza alilipima uzito kiganjani. Akaligeuza, akasoma maandishi ya kiwanda chini ya tumbo. Akafungua milango ya kichwa kwa ukucha, akaifunga.

"Boksi lake lipo?"

"Halipo."

"Si kitu. Rangi ni ile ile ya kiwandani. Vioo vya pembeni vipo vyote viwili, hivyo ndivyo huwa vya kwanza kuvunjika. Na tela ni lake, halikuazimwa kwa lori lingine." Alikuwa anatabasamu. "Baba yako alilitunza."

Kisha akalisogeza tela ili aliunganishe na lori. Halikushika. Akajaribu tena, akainama na kioo chake.

"Nani alikata hapa?"

"Labda limevunjika, mzee. Tulikuwa watoto wengi."

"Chuma hiki kikivunjika, kinaacha kingo zenye chembechembe. Pitisha kidole." Nikapitisha. Palikuwa laini. "Mtu amekata ndoano ya lori kwa msumeno, polepole, kisha akapiga msasa. Na mkono wa tela vivyo hivyo. Mtoto hafanyi kazi safi namna hii."

Akaniambia wazi kwamba kwa wakusanyaji thamani imekwisha. Wanataka lori linalovuta tela lake. Lakini niliona akili yake haiko kwenye bei. Aliuliza, "Baba yako aliwahi kupoteza mtu kazini?"

Nikamwambia kuhusu baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, aliyekuwa utingo wake safarini. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Tela lilikata breki likamgonga.

Mzee alilifunga lori kwenye shati mwenyewe, taratibu kama anafunga jeraha.

"Kamuulize mama yako," alisema.

Nilimkuta mama uani anachambua dagaa. Nikamwambia alichokiona yule fundi. Hakuinua macho.

"Tela halikukata breki," alisema. "Baba yako alikuwa anarudi nyuma. Mdogo wake kasimama katikati, kashika mkono wa tela aulenge kwenye ndoano. Akapiga kelele, simama! Baba yako hakusikia. Alikuwa amefungulia redio."

"Mbona mlituambia breki?"

"Kazini waliandika breki. Na yeye akanyamaza, maana nyumba mbili zilikuwa zinamtazama yeye." Akatupa kichwa cha dagaa pembeni. "Siku aliyorudi kutoka kuzika, alichukua msumeno akaketi pale ukutani. Nikadhani anatengeneza kitanda."

Nilisikia aibu ikinipanda mwilini, na si kwa ajili ya baba tu. Mama mdogo, mjane wa baba mdogo, hakuja kumzika baba. Na kwenye matanga mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu na kusema kwamba mwanamke yule hana shukrani, kwamba baba alimlelea watoto na bado ameshindwa kuja kumtupia udongo.

Kaka aliposikia yote, alilirudisha lori kwenye katoni, akalisukuma chini ya kitanda. Hakuzungumzia tena kuuza. Mimi nilikwenda Ushirombo, kwa mama mdogo.

Nilimkuta mama mdogo anaanika udaga, vipande vya mhogo uliovundikwa, juu ya jiwe pana nyuma ya nyumba. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamweleza kila nilichoambiwa.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa kilugha chetu, "mimi nilijua mwaka ule ule. Alikuja akapiga magoti hapo hapo ulipo. Akaniambia yote, mpaka ya redio."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia wanangu wanahitaji kula na kusoma, hilo alitimize. Lakini uso wake asiniletee. Akatimiza. Na uso hakuleta."

Aligeuza vipande kadhaa vya mhogo.

"Siku aliyokufa nilipigiwa simu. Nikaoga, nikavaa, nikafika mpaka stendi. Basi la Kahama likaja, likajaza watu, likaondoka. Nikarudi nyumbani."

Nikamwambia maneno niliyoyasema matangani. Sikupunguza hata moja.

"Uliyasema hivyo, mbele za watu?"

"Ndiyo, mama. Naomba unisamehe."

"Nimesikia," alijibu.

Upepo wa mvua ulianza kuvuma kutoka upande wa magharibi, tukauzoa udaga pamoja, tukauingiza ndani. Alinipa maji ya kunywa. Nilipoaga alibaki mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti. Hakunisindikiza.